Tairi la theluji kwenye udongo mwekundu

Kutoka Butembo hadi Beni, mashariki mwa Kongo, ni kilomita 54, na katika safari hiyo fupi dereva anashuka zaidi ya mita 500. Butembo imekaa kwenye mita kama 1,750 juu ya bahari, mji wa makoti na sweta asubuhi za mvua. Beni iko chini, kwenye joto. Ukiendelea kilomita 80 nyingine hadi Kasindi, mpakani na Uganda, unakatisha bonde la Semuliki, na huko jua halimwonei mtu haya. Ukigeuka upande wa kusini unapanda: Musienene, Lubero, kisha vijiji vya viazi na kabichi kama Masereka na Luhotu, ambako ukungu huchelewa kuondoka na udongo ukilowa huteleza kama umepakwa sabuni. Gari moja, kwa tairi zile zile nne, linaweza kupita katika hali hizo zote kwa wiki moja.

Katika marundo ya tairi za mtumba zinazotoka Ulaya zimo zile zilizotengenezwa kwa ajili ya majira ya baridi. Ubavuni zina mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Meno yake ni marefu, yamekatwakatwa kwa mistari myembamba, na bei yake mara nyingi humvutia mtu ambaye asingeweza kununua tairi mpya ya kampuni hiyo hiyo. Je, zinatufaa? Wanaozungumza hapa chini ni sauti nilizozitunga ili kila upande wa hoja upate msemaji: muuzaji wa tairi, kwado (fundi wa kuziba pancha na kubadili tairi), dereva wa teksi ya Butembo–Beni, motard (dereva wa pikipiki) anayebeba viazi kutoka milimani, mama mfanyabiashara wa mafuta ya mawese, na kijana wa Butembo anayeishi Montréal, mwenye gari la spoti, anayechangia kwa simu.

Muuzaji: Mimi sifichi kitu. Mteja akija namgeuzia ubavu wa tairi, anauona mlima, anacheka: "Hii ni ya kwetu." Na hajakosea sana. Sisi ni watu wa milima. Mvua za Septemba hadi Desemba zikianza, nani atataka tairi lenye mifereji minne tu iliyonyooka? Meno haya yanashika tope. Tena ni mpira wa kampuni kubwa, umetumika msimu mmoja au miwili, mzungu ameuondoa kwa sababu sheria yake ni kali. Mimi namfikishia mtu wa Butembo ubora ambao ukiwa mpya asingeugusa.

Kwado: Papa, kuhusu meno nakubaliana nawe. Lakini mlima ule ulio ubavuni haupimi mlima. Mteja anadhani amenunua tairi la kupanda Lubero.

Muuzaji: Unapima nini basi?

Kijana wa Montréal: Naomba nijibu, yaya, maana huku hilo ni somo la kila mwaka. Mchoro huo ulianza kutumika Amerika ya Kaskazini mwaka 1999. Tairi haliupati mpaka lijaribiwe kwenye theluji iliyoshindiliwa na lishinde tairi la kulinganishia kwa kiasi kilichowekwa. Hakuna jaribio la tope ndani yake, wala la mawe, wala la kupanda. Kuna alama nyingine, M+S, ambayo inataja matope na theluji, lakini hiyo mtengenezaji anajiandikia mwenyewe akiona umbo la meno linatosha. Ujerumani haiikubali tena peke yake: bila mchoro wa mlima tairi halihesabiwi kuwa la majira ya baridi.

Muuzaji: Basi tairi lililoshinda kwenye theluji litashindwa vipi na tope letu? Kuteleza ni kuteleza.

Kijana wa Montréal: Siri ya tairi hizi haiko kwenye meno peke yake. Iko kwenye mpira wenyewe. Mimi nina Toyota GR86, gari dogo jepesi linalosukumwa na magurudumu ya nyuma. Langu lilikuja na tairi za kiangazi za Michelin, Pilot Sport 4. Julai gari hilo linang'ang'ania lami kwenye kona kama limeshonwa hapo. Lakini hewa ikishuka chini ya nyuzi 7 hivi, mpira ule unaanza kukakamaa. Chini ya sifuri unakuwa kama plastiki: unakanyaga mafuta kidogo tu, mkia wa gari unakwenda upande wake. Kwa tairi fulani za mashindano, watengenezaji wanaonya kabisa zisiendeshwe wala zisihifadhiwe kwenye baridi kali, kwa kuwa mpira unaweza kupasuka. Ndiyo maana Novemba nazivua. Hapa Québec sheria inadai tairi za baridi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi. Hizo zimechanganywa mpira wa asili na silika kwa namna ya kubaki laini hata kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri.

Mama wa mawese: Ngoja, mwanangu. Unaongea habari ambayo mimi naibeba kila wiki. Mafuta yangu Beni yanamiminika. Yakifika Butembo, asubuhi nakuta yameganda kwenye bidoni, lazima nichemshe maji niweke bidoni ndani yake. Mafuta ni yale yale. Ni hewa iliyobadilika.

Kijana wa Montréal: Ni hivyo hivyo, Mama. Kila mpira una joto lake la kuganda. Tairi la kiangazi linaganda mapema. La baridi limetengenezwa lichelewe kuganda, kwa hiyo kwenye joto linalegea kupita kiasi.

Mama wa mawese: Na Butembo kunashuka hadi hizo nyuzi 7?

Kwado: Mjini, hapana. Hata asubuhi ile unayovaa koti juu ya koti bado tuko juu yake. Juu kabisa, vijiji vya Masereka, usiku wa ukungu, unaweza kuzikaribia, na hapo gari limelala. Theluji yetu sisi iko Margherita, mita 5,109, ncha ya Rwenzori inayoonekana Beni hewa ikitakata. Huko hakuna barabara ya kupimia tairi.

Muuzaji: Sawa, hatuna theluji. Lakini motard hapa ananunua meno makubwa, haulizi nyuzi. Mwulizeni yeye.

Motard: Mimi natoka Masereka na gunia mbili za viazi nyuma. Asubuhi njia imelowa, udongo ni mwekundu, unanata halafu unateleza. Tairi lenye uso laini linajaa tope kwenye mifereji, baada ya mita hamsini limekuwa tufe la udongo, halishiki kitu. Nataka meno yaliyoachana, yanayotema tope kila linapozunguka. Na nataka tairi jembamba. Wenzangu wengine wanavalisha nyuma pana ili moto ionekane kubwa. Jembamba linazama, linafika chini kwenye udongo mgumu, linashika. Pana linaelea juu ya uji.

Kijana wa Montréal: Kaka, hata mimi Novemba napunguza upana. Kiangazi nina milimita 215, baridi navaa 205 kwenye rimu ndogo zaidi. Tairi jembamba linakata theluji laini hadi chini. Vijana huku wanaopenda gari lao lionekane pana majira yote ndio tunaowavuta kutoka mtaroni.

Motard: Basi theluji na tope ni ndugu.

Kwado: Ni binamu. Tazameni hili. Tairi la theluji lina mistari myembamba sana kwenye kila jino, mamia ya mistari. Kwenye theluji kila mstari ni ukingo unaouma. Kwenye udongo wetu mistari hiyo inajaa siku ya kwanza na haitoki mpaka uoshe kwa brashi. Kinachobaki ni mifereji mikubwa, na hiyo inategemea aina ya tairi: nyingine zimeachana vizuri, nyingine zimebanana kabisa, hazimsaidii mtu wa Masereka hata kidogo. Kwa hiyo mtu akija kwangu simwambii "chukua la theluji" au "acha la theluji". Namwambia ingiza kidole katikati ya jino na jino.

Muuzaji: Umeona? Hata kwado hakatai.

Kwado: Sijamaliza, Papa. Nikuulize: mteja wako anayepeleka abiria Kasindi unampa nini?

Muuzaji: Nililo nalo. Anachagua mwenyewe.

Dereva: Mimi ndiye huyo dereva, niseme yaliyonipata. Nilivaa hayo ya mlima mwanzoni mwa mvua. Kati ya Butembo na Beni, kwenye tope, sina malalamiko. Nilipita mahali wenzangu walipokuwa wanasukuma. Halafu kiangazi kilipoingia nikapata abiria wa Kasindi mara kwa mara. Ile njia inapata lami. Mradi wake ulizinduliwa pale Mpondwe, upande wa Uganda wa mpaka, tarehe 16 Juni 2021 na Rais Museveni na Rais Tshisekedi: kilomita 80 za Kasindi–Beni, na hizi 54 za Beni–Butembo. Ukikuta lami, mguu unakuwa mzito wenyewe. Nikaanza kuhisi usukani unachelewa. Nakata kushoto, gari linafikiri kwanza. Nikifunga breki, linasimama mbele ya pale nilipotaka. Na meno yaliisha upesi kuliko tairi zozote nilizowahi kuvaa.

Kijana wa Montréal: Hiyo ndiyo kazi ya mpira laini kwenye joto. Lami chini ya jua la adhuhuri inaweza kupita nyuzi 50. Meno marefu yaliyokatwakatwa yanapinda kila ukifunga breki, kila ukikata kona. Yanajisugua, yanapata joto, yanalika. Mimi mwenyewe nikichelewa kuzivua hadi Mei, nazisikia zinalia kwenye kona. Na gari langu ni la watu wawili na mkoba.

Kwado: Langu ninalolinyanyua kwa jeki ni la watu wanane na jenereta juu ya paa. Tupige hesabu. Tairi la 185/70 R14 mara nyingi lina namba 88 ubavuni. Maana yake tairi moja linabeba kilo 560, likiwa zima na limejaa upepo. Gari tupu ni kama kilo 1,100. Weka watu na mizigo, unafika 1,800. Ukigawa sawasawa kwa tairi nne, uko salama. Lakini mizigo haikai sawasawa! Imekaa nyuma na kwenye buti. Theluthi mbili zikilala nyuma, tairi mbili za nyuma zinagawana kilo 1,200, kila moja 600. Hapo tayari umezidi, hata tairi likiwa jipya. Ongeza mpira laini, ongeza joto la Semuliki, ongeza upepo pungufu kwa sababu dereva alipunguza ili apite tope. Tairi linachemka kutoka ndani. Likipasuka watu watasema ni msumari.

Dereva: Kwado, nimepunguza upepo kwa sababu wewe mwenyewe ulinifundisha.

Kwado: Nilikufundisha upunguze ukiingia kwenye tope na uongeze ukitoka. Sehemu ya pili umeisahau kwa sababu pampu iko kwangu, haimo garini mwako.

Kijana wa Montréal: Na upepo wenyewe unapimwa tairi likiwa limepoa, kabla ya safari. Kila nyuzi kumi za joto zinapandisha upepo kwa karibu sehemu moja ya kumi ya kilo moja ya geji. Ukijaza Butembo alfajiri halafu ukashuka Kasindi, joto linapandisha, lakini hewa ya chini nayo ni nzito zaidi, inapunguza kidogo kwenye geji. Mambo hayo mawili karibu yanafutana. Kwa hiyo dereva akifika chini akaona geji imepanda sana, asiseme ni hali ya hewa. Tairi linafanya kazi kupita nguvu zake.

Dereva: Na akitoa upepo ili geji irudi?

Kwado: Ameongeza ugonjwa kwa kudhani anatibu. Tairi lenye upepo mdogo linapinda zaidi, linachemka zaidi. Asimame, apunguze mzigo au mwendo.

Dereva: Asimame. Hilo neno linasemwa kwa urahisi na mtu aliye Butembo. Tangu mauaji ya raia yaanze mwaka 2014, eneo la Beni si mahali pa kusimama unapotaka. RN4, hii njia ya Beni hadi Kasindi, imekuwa na siku ambazo magari yanakwenda kwa msafara, yakisindikizwa na jeshi. Tairi likikufa katikati, msafara haukungojei muda wa kubadili gurudumu, kukaza nati na kupanga mizigo upya. Mwingine pancha kwake ni kuchelewa chakula cha mchana. Kwangu mimi ni swali la kama nitaonekana jioni. Kwa hiyo msinieleze tairi kwa habari ya kushika kona tu. La kwanza ninalolitaka ni tairi lisilonisimamisha.

*(Hapa mazungumzo yalihama. Hadi sasa walibishana juu ya mpira na udongo; dereva ameleta hatari nyingine, ambayo haitofautishi tairi la theluji na la kiangazi. Inauliza tairi lina afya gani na limetumika miaka mingapi.)*

Kwado: Basi tuache mchoro, tusome namba. Kila tairi lina herufi DOT, na mwishoni tarakimu nne. 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Hiyo haifutiki kwa sabuni wala kwa rangi nyeusi. Watengenezaji wengi wanasema tairi likaguliwe vizuri kuanzia mwaka wa tano au wa sita, na likifika miaka kumi liondolewe hata kama meno yapo. Mpira unazeeka ukiwa umekaa tu.

Muuzaji: Nikianza kukataa tairi zote zilizopita miaka hiyo, nitauza nini? Nauza kinacholetwa.

Kwado: Sikukatazi kuuza. Nasema mwonyeshe mteja namba kama unavyomwonyesha mlima.

Kijana wa Montréal: Kuna jambo jingine kuhusu hizi za theluji. Zikiwa mpya zina meno ya milimita 8 au 9. Sheria ya kawaida ya Ulaya inaruhusu tairi lishuke hadi milimita 1.6, lakini Austria, kwa mfano, tairi la baridi likifika chini ya milimita 4 halihesabiwi tena kuwa la baridi. Watu makini hulivua hapo. Kwa hiyo tairi linaloanza safari ya kuja Afrika mara nyingi limebakiwa na milimita 4, na ile mistari myembamba karibu imekwisha. Mnanunua mpira laini ambao faida yake ya theluji wameshaila wenyewe.

Muuzaji: Milimita 4 kwetu ni mwaka mzima wa kazi.

Kwado: Kwenye mpira mgumu labda. Kwenye huu laini, na kwa mzigo ule, dereva amekwisha kukueleza. Halafu likiisha ananiletea nilichonge kwa kisu cha moto, nitengeneze meno mapya. Kwenye malori ya Fuso kuna tairi zilizoandikwa kabisa kuwa zinaruhusu kuchongwa, mpira wake wa chini ni mnene. La teksi halina unene huo. Nikichonga, nafika kwenye nyuzi za ndani ya tairi. Nakataa. Anakwenda kwa mwingine.

Motard: Na wale wanaovaa mawili ya mlima mbele na mawili ya kawaida nyuma? Naona wengi.

Kijana wa Montréal: Hilo ni baya kuliko kuvaa manne mabaya yanayofanana. Mbele inashika, nyuma inaachia, gari linageuka likatazama ulikotoka. Kwenye gari kama langu, linalosukuma kwa nyuma, kosa hilo lina kilomita chache tu za kuishi. Ukiwa na mawili mazuri na mawili yaliyochoka, mazuri yakae nyuma. Na jamii ya mpira iwe moja kwa yote manne.

Dereva: Najua. Lakini sinunui mimi. Patron, mwenye gari, ananunua. Akileta mawili, navaa mawili.

Mama wa mawese: Hapo ndipo nilipokuwa nawangoja.

Muuzaji: Mama, umenyamaza muda mrefu.

Mama wa mawese: Nilikuwa nasikiliza mkijua kila kitu kuhusu mpira. Nyuzi 7, milimita 4, kilo 560. Yote hayo anayajua kwado, na dereva ameyaona kwa macho yake. Basi kwa nini gari linaondoka na tairi lile? Kwa sababu anayelichagua hapandi. Mwenye gari yuko nyumbani anangoja versement yake, hesabu ya siku. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwake tairi ni bei. Kwa dereva ni breki. Kwangu ni bidoni zangu zote za mtaji na miguu yangu miwili.

Dereva: Mama, patron naye ana hoja yake. Gari linachoka, barabara inalila, mafuta yamepanda, barabarani kuna malipo njia nzima. Akinunua manne mapya, faida ya miezi imekwenda. Na mimi nikilalamika sana, kuna vijana kumi wanaongojea ufunguo.

Mama wa mawese: Sijasema ni mtu mbaya. Nasema yuko mbali na gurudumu. Kijana wa Montréal anabadili tairi mara mbili kwa mwaka. Kwa nini? Ana pesa, ndiyo. Ana sheria, ndiyo. Lakini zaidi, ni yeye anayekaa juu yake.

Kijana wa Montréal: Ni kweli. Hakuna anayenilazimisha kulijaza gari langu watu wanane. Nikichagua vibaya, nalipa mimi.

Muuzaji: Mnataka nifanye nini? Nifunge duka?

Kwado: Hapana, Papa. Ukifunga, watanunua kwa asiyejua hata kusoma DOT. Uliza swali moja kabla ya kutaja bei: "Gari linalala wapi, na linafika wapi?" Likiwa la Masereka na Lubero, mwendo mdogo, tope, baridi, halishuki Beni, basi hilo la mlima lenye meno yaliyoachana, ambalo halijazeeka, na yote manne yakilingana, mwuzie kwa amani. Litamfaa kuliko la kiangazi lililokwisha. Likiwa la Butembo–Beni, mpe la misimu yote au la kawaida lenye mifereji mipana. Likiwa la Kasindi, lami, jua, mzigo, hilo la theluji usimpe hata akilitaka. Mpe lenye namba kubwa ya mzigo, 90 au zaidi kama rimu na nafasi vinaruhusu, na mwambie asijaze gari kwa sababu ya namba hiyo.

Dereva: Na gari linalokwenda kote?

Kwado: Chagulia mahali penye joto zaidi, mwendo zaidi na mzigo zaidi. Kwenye tope ukikwama unasukumwa. Kwenye lami likipasuka ukiwa na mwendo wa 90, hakuna wa kukusukuma.

Motard: Sisi wa milimani tutasema umetuuza kwa watu wa bondeni.

Kwado: Ninyi wa milimani hamshuki Kasindi na viazi. Chagueni lenu.

*(Nikipima hoja zote, naona muuzaji ameshinda mahali padogo na ameshindwa mahali pakubwa. Tairi la theluji lina makao yake halali hapa, kwenye njia fupi za juu, kwa mwendo wa kutembea, chini ya mzigo wa kiasi. Kuliteremsha hadi Semuliki kwa sababu lina jina kubwa na mchoro wa mlima ni kulitumia kinyume cha kila sababu iliyofanya litengenezwe. Lakini maarifa hayo yapo tayari mjini, kwenye mikono ya kwado na kwenye mgongo wa dereva. Kinachokosekana ni njia ya kuyafikisha kwa anayelipa.)*

Dereva: Nina pendekezo, na patron wangu akisikia asinifukuze. Kwenye versement tukubaliane kiasi kidogo kila siku kinachokaa pembeni, kwa tairi peke yake. Kisiguswe kwa mafuta wala kwa faini. Tairi zikifika mwisho, hela ipo, na kwado ndiye anayechagua, si patron, si mimi.

Muuzaji: Kwado atakwenda kwa rafiki yake anayeuza.

Kwado: Au kwako, ukianza kuonyesha namba.

Muuzaji: Tuseme nimekubali. Kiasi hicho cha kila siku kinatoka wapi? Patron hatakipunguza kwenye sehemu yake. Dereva hana cha kupunguza. Mwishowe kitatoka kwenye nauli. Mama, wewe ndiye utakayelipa, halafu utalalamika kwamba Beni imekuwa mbali.

Mama wa mawese: Nitajie kiasi. Mimi najua bei ya bidoni, najua bei ya mzigo kukaa njiani siku mbili, najua kinacholipwa hospitali. Nikiambiwa ni kiasi gani kwa kila safari ili gari liwe na tairi nne zinazolingana, nitakujibu ndiyo au hapana papo hapo. Miaka yote nimepanda magari haya, bei ya nauli nimeambiwa. Ya tairi hakuna aliyewahi kuniuliza.